Chokaa ya Ukuta Si Chokaa ya Bwawa: Tuache Kuwaambia Wafugaji "Mwaga Mfuko Mmoja"



Wengi wetu hapa Songwe tunakausha na kukarabati mabwawa wakati wa kiangazi, ili mvua za Novemba zikifika bwawa liwe tayari kupokea maji. Kipindi hicho swali moja huja kila wiki, awe ni mfugaji wa Tunduma, wa Mbozi au wa Ileje: "Mtaalamu, nimwage chokaa mifuko mingapi?" Na jibu ambalo ameshalipata kabla hajafika kwangu, kwa muuza duka, kwa jirani, na wakati mwingine kwa mtaalamu mwenzangu, ni hili: "Mwaga mfuko mmoja. Chokaa ni chokaa."

Makala hii ni ya kupinga jibu hilo, na napinga sehemu zake zote mbili. Chokaa si chokaa tu, na mfuko si kipimo. Anayemwambia mfugaji maneno hayo anamchezesha kamari mtu aliyeweka ada ya watoto wake ndani ya maji.

CHOKAA INAENDA KUFANYA NINI BWAWANI?

Wengi hudhani chokaa ni dawa ya kuua wadudu au ya kusafisha maji. Kazi yake kubwa ni kuongeza vitu viwili.

Cha kwanza ni kalsiamu. Haya ni madini ya mifupa na magamba, na mayai ya samaki pia yanayahitaji ili yakomae vizuri. Maji yenye kalsiamu kidogo sana humchosha samaki, hasa kifaranga, kwa sababu chumvi za mwili wake hutoka kirahisi kupitia mashavu anayopumulia.

Cha pili ni ualkali. Huu ni uwezo wa maji kumeza tindikali bila pH kuyumba. Usiuchanganye na pH yenyewe. pH ni hali ya maji saa hii uliyopima. Ualkali ni akiba iliyo ghalani. Usiku samaki, mwani na tope vyote hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo huyafanya maji kuwa na tindikali. Mchana jua likiwaka, mwani huila hewa hiyo na pH hupanda. Bwawa lenye akiba ya kutosha halishtuki sana. Bwawa lisilo na akiba linaweza kuwa na pH ya 6 na kitu alfajiri, kisha likavuka 9 saa tisa alasiri. Samaki anayeishi hivyo kila siku hakui vizuri, na mfugaji huishia kulaumu mbegu au chakula.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Maji yasiyo na ualkali hayageuki kijani vizuri hata ukiweka samadi, kwa sababu mwani haupati kaboni ya kutosha, na tope lenye tindikali hushika fosforasi isimfikie. Unabeba toroli za samadi, bwawa linabaki kama maji ya kisima.

Kwa sato na perege, kumbuka namba tatu. Ualkali chini ya miligramu 20 kwa lita, ukipimwa kwa kigezo cha kaboneti ya kalsiamu, bwawa linahitaji chokaa. Ukifika 40, uko pazuri. Ukizidi 60, weka fedha yako mfukoni. Huhitaji chokaa hata kilo moja.

MKOA MMOJA, MAJI MAWILI

Mtu akisema "kila bwawa, mfuko mmoja", muulize ni bwawa la wapi. Nyanda za juu za Mbozi na Ileje zinapata mvua nyingi, na mvua hiyo kwa miaka mingi imeosha kalsiamu na magnesiamu kutoka ardhini. Udongo mwingi wa huko una tindikali. Wakulima wa kahawa wa Mbozi hawahitaji kuambiwa hili. Wana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa pale Mbimba, na suala la tindikali ya udongo si geni kwao. Udongo ule ule unaosumbua kahawa ndio sakafu ya bwawa lako.

Sasa teremka kuelekea Bonde la Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaoyatoa maji yake kwenda kwingine, na maji yake yana alkali. Mfugaji wa ukanda huo wa chini anaweza kukuta maji yake yameshatosha bila chokaa yoyote. Ukimwambia naye amwage mfuko, umemuuzia tatizo ambalo hakuwa nalo.

Kwa hiyo dozi moja ya mkoa mzima haiwezekani. Mtaalamu anayetoa kipimo cha chokaa bila kupima maji wala udongo ni sawa na daktari anayeandika dawa ya malaria bila kumtoboa mgonjwa kidole.

NJIA ZILIZOPO, NA TABIA YA KILA MOJA

1. Chokaa ya kilimo. Haya ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Jina lake la kikemia ni kaboneti ya kalsiamu. Huleta kalsiamu na ualkali kwa pamoja. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ina breki. Inayeyuka kwa msaada wa hewa ya ukaa iliyo ndani ya maji na tope. pH ikikaribia 8.3, kasi ya kuyeyuka hufifia. Ukizidisha kilo chache, zinazobaki hulala chini na kungoja kazi. Dolomaiti ni ndugu yake, ina magnesiamu pia, ila huyeyuka polepole zaidi. Kwa zote mbili, iliyosagwa laini kama unga ni bora kuliko yenye chenga.

2. Chokaa iliyochomwa. Mawe yale yale yakichomwa kwenye tanuru hugeuka chokaa hai. Chokaa hai ikimwagiwa maji huwa chokaa iliyozimwa, na hiyo ndiyo tunayopaka ukutani. Hii haina breki. Maji yaliyoshiba chokaa hii hufika pH ya 12 na kitu. Inaunguza macho, ngozi na mashavu ya samaki.

3. Magadi, na soda ya kuumulia keki. Huongeza ualkali bila kalsiamu. Zinafaa kwenye tangi dogo la vifaranga. Kwa bwawa, fedha inateketea: kupandisha ualkali wa bwawa la mita za ujazo 300 kwa miligramu 30 kunahitaji kama kilo 15 za soda ya keki, na kalsiamu haijaongezeka hata chembe. Magadi yana nguvu zaidi ya soda hiyo katika kupandisha pH, kwa hiyo yasimwagwe ovyo.

4. Jasi. Huongeza kalsiamu bila ualkali. Inafaa pale ambapo maji yana ualkali mzuri lakini kalsiamu ni kidogo. Kwa bwawa lenye tindikali, haitakusaidia.

5. Majivu, maganda ya mayai na makombe ya konokono. Maganda na makombe ni kaboneti ile ile ya chokaa ya kilimo, lakini kupata kilo 60 zilizosagwa laini ni kazi ya mwaka. Majivu hubadilika nguvu kulingana na mti uliochomwa, na kuyapimia dozi ni vigumu. Bwawani usiyategemee.

TUKIPIGA HESABU YA ULE MFUKO

Chukua bwawa la kawaida la mita 20 kwa 15, kina mita 1. Hiyo ni mita za ujazo 300. Maji ni laini, ualkali miligramu 10, na samaki wamo ndani.

Mfugaji ameambiwa "chokaa ni chokaa". Anakwenda duka la vifaa vya ujenzi, anarudi na mfuko wa kilo 25 wa chokaa ya kupaka, anaumwaga. Kilo 25 katika mita za ujazo 300 ni gramu 83 kwa kila mita ya ujazo. Katika maji laini kama hayo, kiasi hicho kinatosha kupandisha pH kupita 11, na sato hawezi kuishi hapo. Na hiyo ni endapo chokaa imesambaa sawasawa. Pale ilipoangukia kwa wingi, hali ni mbaya zaidi.

Hata akipona pH yenyewe, kuna amonia. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia kila siku. Kwenye pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki hata moja katika mia. Kwenye pH ya 9 inaweza kukaribia theluthi. Kwa hiyo bwawa lililokuwa na amonia ya kuvumilika linageuka sumu mchana mmoja, bila wewe kuongeza kitu kingine chochote.

Sasa chukua mfuko huo huo wa kilo 25, lakini uwe wa chokaa ya kilimo. Hautaua samaki. Tatizo lake ni jingine: huenda usitoshe. Kwa maji peke yake, kupanda kutoka 10 hadi 40 kunahitaji kilo 9 tu. Lakini chini ya maji kuna tope, na tindikali ya tope ni kama malori yaliyotangulia kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma. Chokaa itahudumia hayo kwanza. Maji yatafikiwa baadaye. Ndiyo maana dozi ya bwawa hupangwa kwa pH ya udongo wa chini, hivi:

- pH ya udongo chini ya 5: gramu 300 kwa kila mita ya mraba.
- pH kati ya 5 na 6: gramu 200.
- pH kati ya 6 na 7: gramu 100.

Kwa bwawa letu la mita za mraba 300, hizo ni kilo 90, 60 au 30. Mfuko mmoja wa kilo 25 haufiki hata dozi ndogo kabisa. Yaani ushauri wa "mfuko mmoja" ukikutana na chokaa ya ukuta unaua, na ukikutana na chokaa ya kilimo haufanyi kazi. Mfugaji wa pili ndiye anayekwenda kutangaza kijijini kwamba chokaa ya kilimo ni utapeli.

WANAOFUGA MATUMBAWE SEBULENI WANATUSHINDA

Kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe hai katika matangi ya kioo sebuleni, kwa ajili ya urembo tu. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na ualkali wa maji ya bahari, na bahari ina kalsiamu ya kama miligramu 400 kwa lita. Tangini akiba hiyo huisha, kwa hiyo mwenye tangi lazima airudishe. Hupima mara kwa mara, huandika, kisha huchagua njia.

Njia zao kuu ni tatu. Wengine huchukua chokaa iliyozimwa, hiyo hiyo ya ukuta lakini safi, huikoroga kwenye maji, husubiri ituame, kisha hudondosha yale maji meupe tone kwa tone, mara nyingi usiku pH inaposhuka. Wengine hutumia chupa mbili, moja ya kalsiamu na nyingine ya ualkali, kwa vipimo vinavyolingana. Wengine hujaza chombo vipande vya matumbawe yaliyokufa, hupitisha hewa ya ukaa, na vipande huyeyuka taratibu.

Ndugu mfugaji, chombo hicho cha tatu wewe unacho tayari. Tope la bwawa lako linatoa hewa ya ukaa usiku na mchana, na chokaa ya kilimo iliyolala juu yake inayeyuka taratibu bila umeme wala mtambo. Ndiyo sababu ninaitetea. Na ile njia ya kwanza, ya chokaa kali, mtu wa mapambo anaidondosha tone kwa tone huku kipimo kiko mkononi. Sisi wenye samaki wa kula na kuuza tunaimwaga kwa mfuko, halafu tunasema ni mapenzi ya Mungu.

HOJA ZA WANAOPINGA

"Mfugaji mdogo hana fedha za kupima." Kopo la karatasi za pH ni gharama ndogo, na kikundi cha wafugaji kumi kinaweza kutumia moja. Vipande vya kupimia ualkali ni vile vile vinavyotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Anayeshindwa kumudu kipimo ataimudu vipi hasara ya bwawa zima? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

"Chokaa ya kilimo haipatikani jirani." Hoja hii ina ukweli, na siipuuzi. Duka la vifaa vya ujenzi liko kila mtaa, na chokaa ya kilimo mara nyingi ni ya kuagiza. Lakini wafugaji wa samaki si peke yao wanaoihitaji. Wakulima wa mahindi na kahawa wenye udongo wa tindikali wanaihitaji pia. Kikundi kikiagiza pamoja na ushirika wa mazao wakati wa kiangazi, gharama ya usafiri inagawanyika. Kisichokubalika ni kutumia ugumu wa kuipata kama kibali cha kuuza sumu badala yake.

"Mimi namwaga ya ukuta mwaka wa tatu, samaki hawajafa." Inawezekana. Huenda maji yako ni magumu na yana akiba. Huenda unamwaga kwenye bwawa kavu. Au huenda mfuko ulikaa wazi muda mrefu. Chokaa iliyozimwa ikikaa hewani hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa kaboneti, ikapoteza ukali. Mwaka utakaouziwa mfuko mpya utaijua tofauti, na utakuwa umechelewa.

"Lakini wataalamu wenyewe husema chokaa kali inatumika." Ndiyo, inatumika, mahali pake. Bwawa likiwa limekaushwa, halina samaki wa kufuga, na unataka kuua masalia ya samaki, mayai ya vyura na vimelea kwenye madimbwi ya chini, chokaa kali ndiyo inayofaa. Kilo 60 za chokaa ya kilimo hulingana na kama kilo 44 za iliyozimwa au kilo 34 za chokaa hai. Vaa glovu na miwani, funika pua, mwaga kukiwa hakuna upepo. Ukijaza maji, ngoja wiki mbili na upime. Vifaranga wasiingie mpaka pH iwe chini ya 9. Maji hayo makali usiyafungulie mtoni, jirani yako wa chini naye ana ng'ombe na watoto.

UTARATIBU NINAOUSHAURI

1. Kausha bwawa. Chukua tope la juu kutoka sehemu kumi tofauti, changanya, anika kivulini.

2. Kijiko cha tope kavu na kijiko cha maji safi, koroga, acha nusu saa, chovya karatasi ya pH. Ukitaka kipimo cha uhakika zaidi, ulizia upimaji wa udongo kituo cha utafiti cha TARI Uyole, Mbeya.

3. Chagua dozi kwenye orodha ya hapo juu, zidisha kwa mita za mraba za bwawa lako.

4. Kagua chokaa kabla hujalipa. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, chovya karatasi. Ya kilimo haitavuka 10. Ikisoma 12, hiyo ni ya ukuta, hata kama mfuko umeandikwa vinginevyo. Pia ya kilimo ikidondoshewa siki hutoa povu kwa nguvu.

5. Sambaza sawasawa sakafuni na kwenye kingo, changanya kidogo na tope, kisha jaza maji.

6. Samadi au mbolea ya fosforasi kama DAP isiwekwe siku moja na chokaa. Kalsiamu huikamata fosforasi na mbolea yako hupotea. Ngoja wiki mbili.

7. Baada ya mwezi mmoja pima ualkali. Ukiwa chini ya 20, ongeza nusu ya dozi. Kama samaki wamo, tumia ya kilimo tu, ikiwa imekorogwa kwenye ndoo na kunyunyizwa bwawa zima, kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

8. Kama bwawa lako linapokea mfereji na kumwaga maji usiku na mchana, usinunue chokaa kwanza. Ualkali wote utakwenda na maji. Dhibiti mlango wa kuingizia na wa kutolea, ndipo uzungumze habari ya chokaa.

KWA WENZANGU NA KWA WAUZA DUKA

Ndugu mwenye duka, mteja akikuambia anataka chokaa ya samaki, muulize bwawa ni kavu au lina samaki. Swali hilo moja halikupunguzii faida, na linaweza kuokoa mtaji wa mtu.

Ndugu maafisa ugani, sisi ndio wa kwanza kulaumiwa. Mfugaji akimwaga vibaya hana kosa. Aliambiwa na mtu aliyemwamini. Tubebe karatasi za pH kwenye pikipiki kama tunavyobeba daftari la mahudhurio. Siku ambayo hatujapima, tuwe na ujasiri wa kusema "ngoja nipime", hata kama mfugaji ana haraka. Na wewe mfugaji, ukiambiwa "mwaga mfuko mmoja", uliza mambo matatu: mfuko wa chokaa gani, kwa mita ngapi, na pH ya bwawa langu ni ngapi? Asiyeweza kujibu hayo matatu, mshukuru kwa nia njema, kisha usimwage.

Nakutakia msimu mwema.